Peupe kwenye Ramani

Kazi yangu ni kukisia, sikufichi. Setilaiti inapita juu ya ziwa, inapiga picha, nami nakaa kwenye kiti kilichovunjika mkono nikipima ukijani wa mwani: hapa haba, hapa umezidi. Mwaka wa tisa huu. Macho yamechoka, na mimi mwenyewe nimechoka nayo. Kila siku ramani inakwenda kwenye simu za wafugaji wa samaki, wajue maji ya kuyakimbia, maana mwani ukizidi samaki hukosa hewa.

Jana saa nne asubuhi akanipigia simu mdogo wangu, kitindamimba wetu. Ana vizimba sita vya samaki ziwani, na ndivyo vinavyomlisha yeye, mkewe na mama yetu.

"Dada, umetuokoa. Mwani ulikuwa unatujia, tukavivuta vizimba tangu alfajiri. Mikono haina ngozi, lakini tumefika."

"Mmefika wapi?"

"Kwenye ghuba. Kwenye ramani yako pale ni peupe pe."

Mwani ukiwa mzito kupita kiasi, ukatanda juu kama utando wa uji, programu yetu hudhani ni wingu au nchi kavu, inafuta. Panabaki peupe. Ofisini kila mtu anajua kwamba peupe si maji safi, maana yake hatujui. Maelezo ya kuwaambia wafugaji nilipangiwa mimi niyaandike, tangu mwaka juzi. Kesho, kesho, mpaka nikayasahau.

"Maji hayanuki hapo?"

"Yananuka. Nikasema, kama ramani ya dada yangu inasema pale ni safi, pua yangu ni nani?"

Nikamweleza. Sikujitetea, ningejitetea kwa lipi? Nikasikia mtu anakohoa karibu yake.

"Wenzangu ndio kwanza wamejilaza," akasema. "Haya. Ngoja niwaamshe."

Lakini nguvu zilikuwa zimewaishia. Waliwahi kutoa vizimba viwili tu. Samaki wa vile vinne wamekutwa leo wakielea matumbo juu. Mama amenipigia analia.

Mdogo wangu hakupiga. Saa tatu umeingia ujumbe wake, nikaogopa hata kuufungua. Ulikuwa mfupi.

"Dada, ramani ya leo umeshatuma? Tunakusubiri utuambie twende wapi."