Alama za Mrefu

"Futa hiyo mbili," Nyapara alisema. "Andika nne."

Mfupi aliitazama kalamu aliyonyooshewa kana kwamba ni mali ya mtu mwingine iliyookotwa njiani. Hakuipokea. Mikono yake ilikuwa bado na joto la mashuka, akailaza mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Mbili inanitosha."

"Haikutoshi, dada. Nimekueleza tangu asubuhi."

Walikuwa wamekaa katika stoo ya sabuni, kwa sababu chumba cha kufulia cha hospitali hakikuwa na ofisi. Waraka wa utawala ulitaka tathmini ya wafanyakazi ifanyike mahali tulivu penye faragha. Basi Nyapara alisukuma madumu ya dawa ya madoa ukutani, akapindua kreti mbili, akafunga mlango. Utulivu haukupatikana. Kila mashine kubwa ilipoanza kukamua, ukuta ulitetemeka, na unga wa sabuni ukadondoka kutoka kwenye rafu juu ya fomu.

Nyapara halikuwa jina lake. Walimbandika siku alipopewa usimamizi, kwa utani, kwa kuwa ndiye alikuwa mpole kuliko wote. Siku hii ya tathmini alitamani angekuwa nyapara kweli.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mfanyakazi ajipe alama mwenyewe, moja hadi tano, na msimamizi asimpe kuzidi alizojipa. La pili, kila kitengo lazima kitoe mtu mmoja wa daraja la chini kabisa, linaloitwa hafifu. Huyo mkataba wake hautahuishwa.

Aliyetunga masharti hayo hakuwahi kukaa na watu wa kufua. Waliingia stooni mmoja mmoja, wameinamisha vichwa. Mzee wa mashine, aliyejua kwa mlio tu kwamba mkanda unakaribia kukatika, alijipa tatu kila mahali. "Sasa nijisifu mwenyewe mbele yako?" aliuliza. "Wewe si unaniona? Andika unachokiona." Nyapara akamweleza kwamba haruhusiwi kuandika anachokiona. Mzee akacheka, akidhani anataniwa.

Aliyejipa tano tupu alikuwa Mheshimiwa peke yake, yule wa kuanika, ambaye jina lake lilitokana na kutembea mikono ikiwa nyuma.

"Na hapa pa kufika kazini mapema?" Nyapara alimuuliza.

"Tano."

"Jana ulifika tumeshakunywa chai."

"Jana ni jana, Nyapara. Fomu inauliza mwaka."

"Na mwaka huu ulifika mapema lini?"

Mheshimiwa alifikiri kwa dhati. "Siku ile ya mgomo wa mabasi," alisema. "Nilipata lifti."

Na huyo alikuwa salama. Fomu yake ingekwenda juu na tano zake, na hata Nyapara akimkata, angebaki na tatu. Aliyekuwa anaelekea shimoni ni Mfupi, mkunjaji bora aliyebaki, aliyejipa mbili mstari baada ya mstari, kwa mwandiko mzuri wa shule.

"Nieleze basi," Nyapara alisema. "Mbili ya nini? Umekosea wapi?"

"Sijakosea. Kazi yetu ilikuwa ya nne. Si unajua ilikuwa ya nne?"

"Najua."

"Basi. Tulikuwa wawili. Nimechukua mbili zangu."

Mashine ilikamua, ikatulia.

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika pembe hizi, mwingine pembe zile, wanarudi nyuma hadi kitambaa kinyooke, wanakikung'uta mara moja, kisha wanaendeana na mmoja anampokea mwenzake. Mfupi na Mrefu walifanya hivyo miaka mingi. Watu waliwaita Mapacha, kwa kejeli, maana mmoja alimfikia mwenzake kifuani. Mrefu alikuwa akikunja magoti kidogo kila wanapokutana, Mfupi akisimama kwa ncha za vidole, na mikono yao ikakutana sawasawa bila mmoja kumwangalia mwingine. Walikuwa wanaongea muda wote. Habari za wakwe, za nyama kupanda bei, za muuguzi aliyekuwa anajipaka marashi hadi mashuka yananukia. Mvua zilipoanza, Mrefu aliaga kwamba kifua kinambana, anawahi kulala. Alilala huko huko. Siku ya mazishi chumba cha kufulia kilifungwa nusu siku kwa mara ya kwanza, na wodini walilalamika.

Tangu hapo Mfupi alikunja na yeyote aliyepatikana, mara nyingi Mheshimiwa, ambaye pembe zilimponyoka. Hakulalamika. Aliacha tu kuongea.

"Dada, sikiliza," Nyapara alisema, na akasikia sauti yake imeanza kupanda. "Hawagawanyi. Ofisini hawajui habari ya kugawana. Ukiandika mbili wanasoma mbili. Mwezi ujao huna kazi. Wajukuu watakula nini, watakula adabu yako?"

"Nikiandika nne, mbili nyingine nimezitoa wapi?"

"Ni zako."

"Si zangu. Usinifanye mwizi nikiwa na umri huu, mdogo wangu."

Nyapara alisimama kwa hasira, akagonga kichwa kwenye rafu, akakaa tena. Mfupi alimpangusa unga wa sabuni begani, taratibu, kama anavyofanyiwa mtoto. Hilo ndilo lilimuumiza zaidi.

Nyapara alitoka kwenda kupiga simu ofisi ya utumishi. Kulikuwa na jambo jingine alilokuwa analikwepa tangu bahasha ya fomu ilipoletwa. Wafanyakazi wake walikuwa sita, fomu zilikuwa saba. Ya saba ilikuwa na jina la Mrefu, limepigwa chapa vizuri.

"Mfumo bado unamtambua," afisa utumishi alisema.

"Alifariki. Taarifa nilileta mwenyewe. Nikaileta tena."

"Najua, mama. Poleni. Lakini kwangu hapa naona saba. Nikipokea sita, nyote mnaonekana hamjafanya tathmini."

"Kwa hiyo nimjazie marehemu?"

"Jaza tu, sehemu zote, wewe mwenyewe." Akashusha sauti, kama mtu anayemfichia rafiki yake kipande kinono. "Na kwani si mnatakiwa mtoe hafifu mmoja? Mbona huyo umeshampata. Mpe moja, mambo yaishe."

Nyapara alibaki na simu sikioni muda baada ya kukatika. Dirishani mashuka yalikuwa yanajaa upepo na kunywea. Alimwona Mrefu akikunja magoti. Afisa alikuwa sahihi, hilo ndilo lilikuwa linachoma. Moja chini ya jina hilo, na hakuna aliye hai atakayeguswa. Alitoa fomu, akaegemeza karatasi ukutani. Mstari wa kwanza ulisema *Ubora wa kazi*. Kalamu ilifika kwenye kisanduku ikasimama. Alijaribu tena. Mwishowe akarudi stooni, akaiweka fomu mapajani mwa Mfupi, akamweleza yote kwa kifupi, akiwa anaangalia madumu.

Mfupi alilisoma jina. Alilipitisha kidole.

"Hafifu," alisema. "Mrefu."

"Sikulazimishi. Ukisema hapana, naichana."

"Na ukiichana?"

"Anakwenda mmoja wenu. Unakwenda wewe."

Mfupi alinyoosha pembe za karatasi kwa vidole. Nyapara alidhani ameshajibiwa, akaanza kunyoosha mkono.

"Unajua alivyokuwa anasema zikija barua za ofisini?" Mfupi aliuliza. "Alikuwa anasema, wape wanachotaka, tukakunje mashuka." Alijaribu kuiga sauti nene ya mwenzake, ikatoka nyembamba. "Mpe moja yao. Yeye angeshafika mlangoni sasa hivi, hana muda na sisi."

"Una hakika?"

"Sina. Andika kabla sijabadilika." Nyapara alipoinamisha kalamu, Mfupi alimshika kifundo cha mkono. "Lakini pale chini pa maoni usiniandikie uongo."

Nyapara aliandika moja, zote, haraka, kama mtu anayechomoa mwiba. Kisha akafika kwenye maoni, mistari mitatu.

"Andika, hakuna shuka lenye tundu lililompita likafika wodini."

Aliandika.

"Andika, ya wodi ya watoto alikuwa anayakunja mwisho ili yaende yakiwa na joto. Hakuna aliyemwagiza."

"Sikulijua hilo."

"Ungelijuaje, wewe nyapara. Andika. Andika, aliimba vibaya."

"Hilo nalo?"

"Si umesema ukweli?"

"Wewe ndiye umesema ukweli."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi kilichowashtua, na Mfupi akafuta macho kwa kona ya aproni. Mistari mitatu iliisha. Nyapara aligeuza karatasi, akaandika ukingoni, akaandika nyuma ambapo palikatazwa kuandikwa. Nje mzee wa mashine alikuwa anaita kwamba mzigo wa wodi ya upasuaji umekauka, hakuna mkunjaji. Walimwacha aite.

Mfupi alipomaliza alitia sahihi fomu yake mwenyewe, yenye mbili zake, akatoka bila kuaga.

Ghorofa ya juu, karani wa utumishi alihesabu fomu, akalowesha kidole kwa kila moja. Alikuwa mgeni, bado ana kitambulisho kipya kinachong'aa. Kwenye ya saba alisimama.

"Huyu hajatia sahihi."

"Hajatia," Nyapara alisema.

"Yuko likizo?"

Nyapara alijikunyata. Chumba kilikuwa na baridi, naye alikuwa amezoea mvuke. Karani aliuchukulia ukimya wake kuwa jibu.

"Basi bila sahihi siwezi kuiingiza. Na hii moja isipoingia, faili la kitengo chenu halifungwi." Alisema hivyo kwa huruma, kama anayeleta habari mbaya. "Itabidi mikataba yenu yote iendelee ilivyo, msubiri mpaka arudi atie sahihi. Mtavumilia?"

"Tutavumilia," Nyapara alisema.

Karani aliitenga fomu ya Mrefu, akailaza kwenye trei ya wanaosubiriwa. Feni iliinua karatasi, upande wa nyuma ukaonekana, umejaa maandishi hadi pembeni. Karani hakuusoma. Aliirudisha kwa kiganja, ikainuka tena, akatazama huku na huku mezani, kisha akaweka stepla juu yake.