Miaka Kumi ya Aleyamma

Siku Aleyamma alipoambiwa kwamba anaweza kukaa Dubai miaka kumi mingine, alikuwa ameshafunga masanduku matatu kati ya manne.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Thelathini kati ya hiyo ilikuwa imepita katika wadi ya watoto njiti, akizunguka kati ya vitanda vya vioo na kusikiliza pumzi nyepesi kama za vifaranga. Kila baada ya miaka miwili kibali chake cha ukaazi kiliisha, naye akaenda kutolewa damu na kupigwa picha ya kifua, akapewa miwili mingine. Alizoea kuishi kwa vipande hivyo. Hakuwahi kununua kabati ambalo watu wawili wasingeweza kulibeba. Sasa alikuwa amesema basi. Kabla ya mvua za Juni angerudi kwao Pala, huko Kerala, kusini mwa India, kwenye nyumba ambayo mumewe Kuruvila alikuwa akiisimamia kwa miaka tisa, mitano ya kuijenga na minne ya kuitunza: vyumba tisa, roshani mbili, na ngazi ya mbao inayopinda kama mkia wa paka.

Ndipo ofisi ya hospitali ilipomwita. Wauguzi wa muda mrefu walikuwa wakipendekezwa kupewa makazi ya dhahabu ya miaka kumi, yale yale wanayopewa wenye kununua majumba ya baharini. Jina la Aleyamma lilikuwa juu kabisa ya orodha. Aliingia ofisini akiwa amejiandaa kusema hapana. Mdomo wake ukasema, "Asanteni."

"Dada, umekuwa dhahabu," Sheeja alimwambia alipotoka. Huyu naye alikuwa muuguzi wa kutoka Kerala, mdogo kwake kwa miaka mingi. "Kesho utaanza kutusalimia kwa ncha ya kidole."

"Wewe nitakusalimia kwa ncha ya sindano."

"Na shemeji je? Si anakusubiri?"

"Shemeji yako nitamwambia mwenyewe," alisema Aleyamma.

Hakumwambia. Kadi ya makazi hayo ilipofika aliiweka chini ya mto, na wiki zile akaishi kama mtu anayetembea majini. Asubuhi akitoka zamu alikuta ukungu umeumeza mji, vilele vya maghorofa vikielea juu yake bila miguu. Mwenye duka la chai alimwita "sista" kabla hajamwona, kwa kumjua mwendo. Alifika chumbani kwake mtaa wa Qusais, akafunga pazia zito, akalala mchana kama alivyolala maisha yake yote, na ndoto zikaja. Aliota nyumba ya Pala. Kila mlango aliofungua ulimrudisha wadini. Watoto njiti walikuwa wamelala kwenye ngazi, kwenye roshani, kwenye sinki la jikoni, na mvua ilinyesha ndani polepole bila kumlowesha yeyote. Aliamka moyo ukiwa mtulivu, jambo lililomtisha. Alijiuliza inakuwaje mtu aione nyumba yake mwenyewe ndotoni asitamani kuikalia.

Kila alasiri, wakati jioni imeshaingia kule, Kuruvila alipiga simu ya video na kumtembeza chumba kwa chumba, taa zote zikiwaka. "Hiki cha binti yetu akija kutoka Kanada. Hiki chako cha kusali. Ona vigae vinavyong'aa." Aleyamma alitazama na kusifu. Tangu nyumba ikamilike hakuwa amelala chini ya paa lile zaidi ya likizo za mwezi mmoja mmoja.

Siku moja simu ikaja bila picha, sauti tupu.

"Aleye," Kuruvila alisema, "kumbe nimeoa dhahabu, na habari nazipata kanisani."

Sheeja alikuwa amemtumia dada yake picha ya kadi, na dada yake alisali parokia moja na Kuruvila. Aleyamma aliketi kitandani. Alimwita Ichaya, kama wake wa kwao wanavyowaita waume zao kwa heshima.

"Nilitaka kukwambia, Ichaya. Kila siku nilitaka."

"Unataka kubaki?"

"Niliahidi kurudi."

"Sikukuuliza uliahidi nini."

Nje muadhini alikuwa akiadhini alasiri, na mahali fulani juu ya paa njiwa walikuwa wakigombana. "Nataka," alisema mwishowe, na machozi yakamtoka kwa sababu lilikuwa neno fupi mno kwa uzito wake. "Hapa hata mawe ya njiani yananijua. Huko mimi ni mgeni anayejua mahali swichi zilipo."

Kuruvila akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa kidonda. "Basi na mimi nikwambie langu. Silali chumbani. Nalala stoo nyuma ya jikoni, kwenye kitanda cha kamba, na redio. Huko juu napanda jioni kuwasha taa kabla sijakupigia, ili uone kuna watu. Tukimaliza nazizima, nashuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mafundi walipoondoka."

"Miaka minne, Ichaya?"

"Nilidhani wewe ndiye unayeitaka nyumba."

"Mimi nilidhani ni wewe."

Kisha Kuruvila akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia nauli, "Hiyo kadi yako inabeba na mume? Au dhahabu haichanganywi na chuma?"

"Inabeba," alisema Aleyamma. "Hata chuma chenye kutu."

Kuruvila alikuja miezi miwili baadaye. Nyumba waliwapangisha walimu wawili wenye watoto wanne na bibi mkali, ambaye siku ya kwanza tu alitwaa chumba cha kusali akaanika pilipili humo. Kuruvila alitua na chipsi za fenesi, samaki wakavu na malalamiko kuhusu kiti cha ndege. Alikuwa amekonda kuliko alivyoonekana kwenye simu.

Wiki iliyofuata Aleyamma alimpeleka kupimwa afya kwa ajili ya kibali. Kuruvila alisimama kwenye foleni ya wanaume akiwa amekunja mkono wa shati mapema mno, akitazama sindano za wenzake kwa jicho la pembeni. Zamu yake ya picha ya kifua ilipokaribia, fundi alimwambia avue mkufu na miwani. Alipapasa hewani akitafuta pa kuviweka.

"Nipe," alisema Aleyamma.

Akampa. Mlango ukafungwa. Aleyamma aliketi kwenye benchi, miwani imelala kiganjani mwake, vioo vyake bado vina joto la uso wa mumewe, naye akaanza kuvifuta kwa upindo wa shali yake, taratibu, kama mtu ambaye hana pa kuwahi.