Nyaya Zote Mahali Pamoja

Kaka yangu ni mtu wa kujipiga kifua. Tangu hospitali yetu ilipomkabidhi mtandao, kula naye meza moja imekuwa adhabu. Watu wazima mnakula, yeye anawanyang'anya vijiko awaonyeshe alivyofunga mitambo.

"Hiki kidhibiti cha kwanza, hiki cha pili. Hizi swichi kuu, mbili. Kila kitu pacha, dada! Kimoja kikifa, mwenzake anashika."

Ndiyo maana sisi wauguzi tulimbandika jina la Pacha. Na kwa kuwa hajui akidhihakiwa, akalipenda.

Mimi ni msimamizi wa wodi ya upasuaji. Kwa hotuba zile za mezani nilishaelewa hata nisiyotaka kuyaelewa. Vidhibiti ni visanduku viwili vinavyoongoza antena zote za darini, zile zinazotupatia mawasiliano bila waya. Visipofanya kazi, vishikwambi tunavyosomea dawa vinageuka vioo vya kujitazamia, na vitufe ambavyo wagonjwa huvaa mkononi ili watuite vinabaki bangili tu. Kila kidhibiti kilitakiwa kiwe na waya mmoja unaokwenda kwenye swichi kuu ya jengo letu, yaani mtambo unaokutanisha nyaya zote za mtandao, na mwingine unaokwenda kwenye swichi kuu ya pili, ng'ambo ya ua, katika jengo la kumbukumbu za wagonjwa. Swichi moja ikizimika, nyingine ibebe mzigo. Hata mtoto angeelewa.

Tatizo ni kwamba mkuu wa jengo la kumbukumbu ni mwanamke aliyekuwa mke wa kaka yangu. Wao wameachana, mimi sijaachana naye. Namwita wifi mpaka leo, na wenzangu wodini husema hospitali nzima ina wifi moja tu isiyokatika, nayo ni ile yangu. Kaka, tangu talaka itoke, hakanyagi upande ule. Akitaka faili, anatuma mtu. Wakikutana ukumbini, anatoa simu mfukoni na kuitazama kwa makini, hata ikiwa imezimwa.

Asubuhi moja, madaktari wakiwa kwenye raundi, kishikwambi kiliganda mkononi mwangu.

"Sista, huyu alipewa lini dawa ya maumivu?" daktari wa upasuaji aliniuliza.

"Sioni kitu, daktari. Kimegoma."

Cha mwenzangu nacho kiligoma. Wodi ya jirani, vivyo hivyo. Wahasibu peke yao ndio walikuwa wanaendelea kuchapa kwa raha zao, maana kompyuta zao zina waya, na waya za kila ghorofa zilifungwa kwenye swichi kuu zote mbili na mafundi wengine ambao hawakuwa na mtalaka wa kumkwepa.

Tukiwa tunahangaika kutafuta karatasi, tulisikia kishindo upande wa dirishani. Bibi tuliyemfanyia upasuaji wa nyonga alikuwa chini sakafuni, shuka limemzonga miguuni, mkono umepinda chini yake. Tulikuwa tumemwonya asiinuke peke yake.

"Nimebonyeza, mwanangu," aliniambia huku akitetemeka. "Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka. Nikaona aibu kulowesha kitanda."

Daktari aliugusa ule mkono, akatikisa kichwa. Umevunjika. Bibi hakulia. Alikuwa anatuomba radhi sisi! Hapo damu ilinichemka. Nilimwachia mwenzangu wodi, nikashuka ngazi mbiombio hadi chumba cha mitambo.

Pacha alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, jasho linamtiririka. Harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imejaa chumba kizima. Mkurugenzi alisimama nyuma yake, mikono kiunoni, akirudia swali lile lile kama aliyekariri.

"Si ulisema pacha? Kiko wapi basi pacha?"

"Swichi kuu imeungua, mheshimiwa. Ni hitilafu ya... ya kimfumo."

"Na ile ya pili?" niliuliza mimi.

"Ile ni nzima."

"Sasa mbona haijashika?"

Nilitazama ndani ya kabati. Vidhibiti viwili, kila kimoja kina nyaya zake mbili, nadhifu, zimefungwa kwa vikamba vya buluu na kubandikwa vibandiko vizuri. Zote nne zilikuwa zimeingia kwenye swichi ile ile iliyoungua.

"Umezichomeka zote hapa?"

"Ilikuwa kwa muda tu," alinong'ona. "Nyaya za kupita chini ya ua zipo, zimeshalazwa. Imebaki kuingia kile chumba cha kule nichomeke ncha za upande wa pili. Lakini ufunguo..."

"Ufunguo una nini?"

"Anao yule."

"Yule nani?"

"Aa, dada, unamjua."

Sikuwahi kumpiga kaka yangu hata utotoni, na siku ile nilijutia nafasi zote nilizoziacha zinipite. Mwanamume mzima, vyeti ukuta mzima, amewaacha wagonjwa wa hospitali wakining'inia kwenye swichi moja kwa sababu anaona haya kumwomba mtalaka wake ufunguo!

"Twende," nilimwambia.

Tulivuka ua. Karibu na mlango wa kumbukumbu akanishika mkono. "Niombee wewe. Nyie mnapatana."

"Bibi wa watu amevunjika mkono huko juu. Una mdomo, utumie."

Wifi alikuwa mezani kwake, miwani puani, anapanga mafaili. Alimwona, akaniona na mimi, akavua miwani taratibu.

"Karibuni."

Pacha alikohoa, akatazama dari, akatazama viatu vyake. "Mama watoto... shikamoo. Yaani, habari. Naomba, kama hutajali, ufunguo wa chumba cha swichi."

Wifi alimkodolea macho kwa mshangao wa kweli.

"Ufunguo? Si huo hapo nyuma yako, kwenye msumari? Mfagizi anauchukua kila asubuhi. Ulidhani nimeumeza?"

Kaka akageuka. Ulikuwa unaning'inia pale, na kipande cha kamba nyekundu, mbele ya macho ya kila anayeingia. Aliuchukua. Akachomeka ncha za kule, akarudi jengo letu mbio kuunganisha zile nyaya za ua badala ya zilizokuwa kwenye swichi iliyoungua, waya mmoja kwa kila kidhibiti. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Kazi aliyoikimbia tangu mitambo ifungwe ilikuwa hiyo tu. Huko wodini vishikwambi vikaamka, na kengele za wagonjwa zikaanza kulia kwa mkupuo.

Kwenye kikao cha wakuu wa idara kaka alisimama, tai imemkaba, akaanza kupiga chuku juu ya umeme mbaya na joto la chumba. Wakurugenzi wanapenda sana maneno wasiyoyaelewa, na wetu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Niliomba nafasi. Nikasimulia kila kitu, msumari na kamba nyekundu vikiwemo. Wifi, aliyekaa ng'ambo ya meza, hakucheka. Aliinamisha uso tu. Nadhani alimwonea huruma. Mimi sikumwonea.

Jioni mama alinipigia simu. "Unamwanika ndugu yako mbele za watu?"

"Mama, mimi nimesema tu. Kujianika amejianika mwenyewe."

Kazi hakufukuzwa. Alipewa onyo, akaletewa swichi mpya, na akaagizwa kwamba akishaifunga aizime mbele yetu sote, tuone wenyewe. Siku hiyo tulijazana mlangoni, kila mtu na kishikwambi chake. Kidole cha kaka kilikaa juu ya kitufe cha swichi muda mrefu. Hatimaye akaizima. Taa zake zikafa. Skrini zetu hazikutikisika.

Akageuka, kifua mbele, tabasamu limeenea uso mzima, akasubiri makofi. Daktari wa upasuaji alipiga mwayo. Sisi wengine tulirudi kazini.