Mkanda wa Wanne

Pazia lilikuwa jekundu, la kitambaa kizito chenye kung'aa. Fundi cherehani alilipiga pindo la mwisho, akalikunja, akapanda nalo mpaka ofisi ya misitu. Siku ya kumbukumbu lingefunika jiwe jipya lenye majina ya wazima moto wanne waliokufa msituni kiangazi kilichopita. Mmoja wao alikuwa mume wake. Kikosini walimwita Kijiko, maana hakwenda popote bila kijiko mfukoni. "Njaa yangu haipigi hodi," alikuwa akisema.

Bwana Misitu alilijaribu pazia juu ya jiwe, akarudi nyuma kulitazama. "Shemeji, mikono yako haina mpinzani!"

"Asante. Na mkanda wao?"

"Mkanda gani tena?"

Fundi alinyoosha kidole dirishani. Pale ubavuni mwa kilima, kati ya msitu na mji, wale wanne na wenzao walikuwa wamefyeka na kukwangua mpaka udongo mtupu, ili moto ukifika ukose cha kula. Upepo uligeuka wakiwa wamebakiza kipande kidogo. Wale wanne walikimaliza. Moto ukawachukua wao, ukaukosa mji. Tangu hapo mvua zilikuwa zimenyesha na kupita, na sasa nyasi za mkandani zilifika kiunoni, tena zilishaanza kukauka.

"Aa, ule," alisema Bwana Misitu. "Mwaka huu sina watu wa kutosha, dada yangu. Acha kilima kipumzike. Jiwe litadumu."

Fundi hakubishana naye. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Alizitazama zile nyasi, akayatazama mapaa ya mji chini yake, na akaona wazi kuwa mkanda ukifa, mume wake na wenzake watakuwa wamekufa kwa kazi iliyofutika.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake akimenya viazi, akamweleza yote.

"Jiwe ni zuri," alisema bibi yule. "Mimi mwenyewe nitalipangusa vumbi. Lakini wewe mwanangu, umewahi kusikia jiwe limezima moto?"

"Sijasikia, mama."

"Basi jembe liko wapi?"

Kesho yake walipanda kilima, wao wawili pamoja na Mama Pacha, ambaye naye alikuwa mjane wa mmoja wa wale wanne, na dada wa marehemu Bubu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza. Wa nne, Mrefu, hakuwa na ndugu pale mjini, kwa hiyo mama mkwe alisema yeye ndiye atakayemfyekea Mrefu.

Jua lilipokolea, Mama Pacha aliegemea jembe akihema. "Baba Pacha alikuwa akifika nyumbani anaanguka kitandani kama gunia. Nikamwita mvivu, jamani! Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii?"

"Nani amewatuma kuupikia moto?" ilinguruma sauti.

Alikuwa Mnyapara wa kikosi. Aliwaona kutoka kwenye mnara wa ulinzi, akateremka mbio. "Nyasi mnazitupa upande wa msitu! Mnamtandikia mgeni kitanda na chakula juu! Tupeni upande wa mji, akina mama, upande wa mji!"

Mama mkwe alijishika kiuno. "Badala ya kutupigia kelele, si ushike jembe?"

Mnyapara akacheka. "Kumbe Kijiko mdomo aliurithi kwako!"

Akashika jembe. Siku iliyofuata alikuja na vijana wake wa zamu ya mapumziko, akawapanga wote mstari mmoja mrefu.

"Piga tatu, songa," aliwaambia wanawake. "Usimalize. Wa nyuma yako atapiga tatu zake, asonge, na wa nyuma yake vilevile. Mkia wa mstari ukipita, ardhi inabaki uchi. Anayeng'ang'ania kumaliza kipande chake, moto humkuta hapohapo."

Wakaenda hivyo, piga, songa, piga, songa, hadi fundi alipofika kwenye kisiki cheusi. Alikijua, alishaonyeshwa. Akapiga tatu, akapiga nyingine, akaendelea kupiga. Hakutaka ubaki hata mzizi mmoja mahali pale. Nyuma yake mstari ukakwama.

"Mbele kuna nini?"

"Foleni!"

Mnyapara alimjia taratibu. "Songa, shemeji."

"Ni hapa."

"Najua. Siku ile mimi nilikuwa mbele. Tulipiga, tukasonga, tukawaachia wao mkia. Wao walikuwa wa mwisho, hawakuwa na wa kumwachia." Akaelekeza jembe nyuma yake. "Wewe unao. Geuka uone."

Fundi akageuka. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani, vumbi mpaka kwenye nyusi, na wa kwanza wao alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu," alisema bibi, "wenzako hatuna umri wa kusimama juani. Songa!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Fundi alifuta uso kwa kiganja, akasonga. Nyuma yake akasikia jembe la mama mkwe likishuka karibu na kisiki.

Siku ya kumbukumbu viti vilipangwa na mgeni wa heshima akakohoa mbele ya kipaza sauti. Hakufika mbali. King'ora cha mnara kililia, na watu wakaona moshi mweusi ukiuvuka mgongo wa kilima, upepo ukiusukuma kuelekea mjini.

Kikosi kilipanda na mabomba ya maji mgongoni, wanawake wakafuata na matawi mabichi. Moto ulishuka ukinguruma, ukafika mkandani, ukainama. Hapakuwa na kitu. Ukaenda kushoto, ukaja kulia, kama mwizi anayejaribu milango ya mtaa mzima na kukuta komeo kila mahali. Cheche zilizoruka walizipiga palepale zilipoangukia. Ndimi zikafupika, zikawa za kupikia chai, zikafa.

Chini mjini vigelegele vililipuka. Mama mkwe alisimama katikati ya mkanda, akatupa mkono juu.

"Kijiko!"

"Yupo kazini!" kikosi kiliitika.

"Baba Pacha!"

"Yupo kazini!"

"Bubu!"

"Yupo kazini!"

"Mrefu wangu!"

"Yupo kazini!" Safari hii hata mjini waliitika.

Bwana Misitu alifika akitweta, tai imepinda. Aliutazama msitu mweusi upande mmoja na mapaa mazima upande wa pili, akaivua tai. "Shemeji," alisema mwishowe, "kila kiangazi mkanda huu utafyekwa. Mbele ya watu wote hawa nimesema. Sasa twende tukafunue jiwe?"

"Tutakwenda," alisema fundi, akamkabidhi tawi bichi. "Ila pale bado panafuka. Anza na pale."