Mikono Themanini ya Kushoto

Mikono yote themanini ilikuwa ya kushoto.

Mama Mkasi aliigeuza, akaipanga upya juu ya meza ndefu, akaihesabu tena, kana kwamba huenda mmoja ungebadili nia. Kosa lenyewe lilikuwa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kitambaa kikikunjwa uso kwa uso, mkasi ukipita mara moja unatoa mkono wa kulia na wa kushoto. Lakini kitambaa hiki cha makoti ya shule kilikuwa na upana mdogo, ikabidi akitandaze wazi, na kikitandazwa wazi lazima kiolezo cha karatasi kipinduliwe kila baada ya mkono mmoja. Hakukipindua hata mara moja. Makoti arobaini, na hakuna hata moja lenye mkono wa kulia.

Alikuwa amekata vitambaa miaka ishirini na miwili, ndiyo maana hata mumewe alishazoea kumwita Mama Mkasi. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na tangu mwaka jana mwili wake ulikuwa unamfanyia vituko. Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele, naye akawa anakata huku kajifunga taulo dogo jasho lisidondokee kitambaa. Usiku shuka lililowa, na usingizi ukikatika haukurudi. Hayo aliyavumilia. Kilichomnyima raha ni kusahau. Aliingia chumbani akabaki kusimama, hajui alifuata nini. Mteja aliyemshonea kwa miaka kumi alimsalimia, na jina lake likawa limemtoka kabisa. Na mama yake mzazi alianza hivihivi, kwa vitu vidogo, mwisho akawa anamwita yeye "dada" na kumuuliza kwao ni wapi.

Kwa hiyo Mama Mkasi alipoitazama ile mikono, alimwona mama yake.

"Wifi, mikono iko wapi?" Sauti ilitoka chumba cha pili, kwenye cherehani. "Nimeshona migongo ya watu mpaka wangu unalia."

Mama Mkasi aliifunika mikono kwa kipande cha bitana. Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa mshonaji wake kwa miaka tisa, na siku hizi alimtia wasiwasi. Alipenda kuchukua vipande kabla havijakamilika: niachie hiyo kola, nitaimalizia mwenyewe, lete huo mfuko hapa. Mama Mkasi alishajiambia kwamba mtu anaivizia meza ya kukatia. Basi na aichukue.

Wifi alipotokea mlangoni, Mama Mkasi alimsogezea mkasi.

"Shika. Kuanzia leo kata wewe."

"Umegombana na kaka yangu?"

"Sijagombana na mtu."

"Basi umekula nini?"

Mama Mkasi aliondoa bitana. Wifi aliinama, akashika mkono mmoja, akashika wa pili, akachambua fungu zima.

"Kushoto tupu," alisema hatimaye. "Shule nzima itaandika kwa mkono mmoja."

Hakuna aliyecheka.

"Nimejua siku nyingi kwamba unaitaka hii meza," Mama Mkasi alisema. "Sasa umeipata bila jasho."

Wifi alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Meza? Mimi nikishika mkasi, watu watavaa magunia." Akavuta kigoda, akaketi. "Zile kola nilikuwa nazichukua kwa sababu zilikuwa hazilingani. Tangu mwezi wa pili. Mifuko unaikata bila nafasi ya mshono. Nilikuwa narekebisha kule ndani ili usijue."

"Miezi yote hiyo? Na hukuniambia?"

"Ningeanzaje, wifi? Wewe ndiye uliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano."

Mama Mkasi alijikaza, lakini machozi yalikuwa yameshatangulia. Akamweleza habari za mama yake, na habari za shuka, na kwamba hajalala usiku mzima hata mara moja tangu sijui lini. Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho tunakwenda kliniki," alisema.

"Kuambiwa nimezeeka?"

"Atakayekwambia hivyo, niachie mimi."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa kumzaa kabisa, na Mama Mkasi alijiandaa kudharauliwa. Badala yake aliulizwa maswali nusu saa nzima. Mara ya mwisho kuona siku zake ni lini? Miezi minane iliyopita, na kabla ya hapo zilikuja zinavyotaka. Aliwahi kuganda damu mguuni? Kuna saratani ya matiti kwenu? Akapimwa presha. Akapewa maneno matano ayakumbuke, akachora saa, na baada ya mazungumzo mengine akayataja yote matano.

"Mama yako alianza kusahau akiwa na umri gani?"

"Sabini na kitu."

"Alikuwa anajua kwamba anasahau?"

Mama Mkasi alifikiri. "Sisi ndio tuliojua. Yeye alibisha."

"Hilo peke yake si jibu, ndiyo maana tutapima damu na kuangalia pia tezi ya shingo. Lakini ninayoyasikia hapa yanafanana zaidi na kukaribia ukomo wa hedhi. Homoni zinazotoka kwenye vifuko vya mayai hazipungui kwa adabu, mama. Leo ziko juu, kesho ziko chini, na ubongo nao unazitegemea. Ongeza mwaka mzima wa kutolala."

"Kwa hiyo si ugonjwa."

"Si ugonjwa. Ila kuwa si ugonjwa hakumaanishi ni lazima uteseke."

Majibu ya damu yalirudi salama. Daktari alimwandikia kibandiko cha estrojeni, homoni ya kike, cha kubandika chini ya kiuno, na kidonge cha projesteroni, kwa sababu mfuko wa uzazi ulikuwepo bado na estrojeni peke yake ingeunenepesha utando wake. Akamweleza kwamba dawa hii haimfai kila mtu, kwamba akitokwa damu bila kutarajia arudi mara moja, na kwamba joto na usingizi vitatangulia kupata nafuu; kuhusu kusahau hakumwahidi kitu.

"Na mkasi niuache?" Mama Mkasi aliuliza.

"Kazi yako siijui. Lakini usiamue jambo kubwa hivyo ukiwa na uchovu wa mwaka mzima. Nipe miezi mitatu."

Njiani wifi alisema, "Nitamwambia kaka yangu mkewe amebandikwa, asije akadhani amepelekewa mpya." Na hapo Mama Mkasi alicheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mikono arobaini ya kulia ilikatwa kutoka kitambaa kipya. Waliwekeana sharti: chaki ikishapita, mkasi usishikwe mpaka wifi aje atazame. Sharti hilo lilimuuma Mama Mkasi kuliko kosa lenyewe. Siku za mwanzo alisimama kando kama mtoto anayesahihishiwa daftari. Wiki ya tano alilala mpaka kukapambazuka, akaamka amechanganyikiwa kwa furaha. Wiki ya nane wifi alitazama chaki, akamwonyesha mfuko mmoja uliosahauliwa nafasi ya mshono. Mama Mkasi aliufuta, akauchora upya, na hakulia.

Mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha, mwalimu wa kwaya alileta robota la kitambaa cha majoho. Alisimama kati ya vyumba viwili, akamgeukia wifi.

"Nasikia siku hizi unakata wewe."

Wifi aliendelea kutia uzi, hakuinua uso. Jibu halikuwa lake.

"Nakata mimi," alisema Mama Mkasi, akilipokea robota kwa mikono miwili. "Na huyu ananikagua. Ulitaka yafike wapi, magotini au miguuni?"