Picha za Kupamba Hazipandi Mtandaoni

Nilipoiwasha kompyuta yangu mpya iliniandikia: Karibu, Oliver. Ilhali mimi ni Nasiha. Nikaifunga papo hapo, nikavaa buibui, nikarudi Makadara kwa fundi aliyeniuzia, huyo Oliver.

Bimdogo alinifuata, na hata ningemfungia mlango angetokea dirishani. Juzi nilimpiga picha bintiye, Nabiha, kwenye kupamba, na aliyezaliwa Mji wa Kale ajua maana yake. Bibi harusi amekaa jukwaani kichwa wazi, amechorwa piko mpaka viwikoni, wenzake wamevua mabuibui wanacheza, na mlangoni yupo mama mwenye kikapu akusanyaye simu za kila aingiaye. Mwanamume hakanyagi. Kamera ni moja tu, yangu. Huniita mimi kwa sababu picha zangu hazijapata kuonwa na jicho lisilohusika. Picha moja tu ikimfikia Oliver, kazi yangu imekwisha, nikakaange mahamri.

Kadi ya kamera yenye picha ilikuwa pochini mwangu, haijaguswa. Bimdogo alikuwa ameshanipa sharti lake: picha za mwanawe haziingii kwenye mashine mpaka ashuhudie kwa macho yake. Haki ilikuwa yake.

Oliver ni kijana wa bara, mpole, na kazi yake aijua. Nikamwekea kompyuta mezani.

"Oliver, mbona humu umo wewe?"

"Hiyo ni kawaida, dada. Ikiwashwa mara ya kwanza inadai akaunti ya mtandaoni. Wateja wengi hawana, ama wamesahau. Basi mimi naweka yangu, kazi inaenda."

"Na nikitia picha?"

"Zinapanda mtandaoni zenyewe, zinakaa salama. Hata ukiibiwa kompyuta, hupotezi kitu."

"Zapanda kwa nani?"

Akanitazama mimi, akamtazama Bimdogo, kisha akaitazama meza. "Kwangu," akasema. "Lakini za wateja sijawahi kuzifungua, mama. Haki ya Mungu."

"Sikukwambia umezifungua," Bimdogo akamjibu. "Nataka utoke humo."

Ulimi uliniwasha, lakini sikugomba. Nilijua ninachotaka. Nikamwambia afute kila kitu aanze upya, na akaunti iwe ya humu humu ndani ya mashine: jina langu, neno la siri langu, mtandao usilijue wala yeye asilijue. Akasema njia ipo, ila hakuna mteja aliyewahi kuiuliza. Nikamwambia leo kaulizwa.

Akazima mtandao wa duka. Kompyuta ikajifuta polepole, sisi tukaagiza kahawa. Ilipoamka ikafika pale pa kudai mtandao, ikagoma, na pa kupita hapakuonekana.

"Yakataa hino," Bimdogo akasema.

"Itakubali, mama. Hatuiombi ruhusa."

Oliver akabonyeza vitufe viwili, kikatokea kidirisha cheusi, akaandika mstari mmoja. Mashine ikazima, ikawaka, na safari hii ikauliza jina tu. Nikajiandika mwenyewe. Nilipofika kwenye neno la siri, Oliver aligeukia ukutani bila kuambiwa, nami nikampenda kwa hilo.

"Ukilisahau hakuna wa kukurudishia, dada," aliuambia ukuta. "Na mashine ikifa, picha zimekufa nayo."

"Nakala ntaweka kwenye diski, niifungie kabatini na dhahabu zangu."

Karibu, Nasiha, kompyuta ikaandika. Nilifurahi waziwazi, hata kahawa iliyopoa nikaimaliza. Nikaitoa kadi. Bimdogo akanishika mkono.

"Na simu je?" akauliza chini chini.

"Simu gani?"

Akaitoa pochini. "Hii. Mwanangu Riyadh aliniletea kutoka Maskati, akaiwasha kwa anwani yake, kwani mimi sina. Picha zake nazo zapanda?"

Nilimtazama mama huyu aliyenisimamia kichwani tangu asubuhi. Nani angethubutu kumpekua mamake bibi harusi?

"Mama. Ulipiga picha kwenye kupamba?"

"Moja tu, mwanangu. Leo Riyadh kanipigia, aniambia Nabiha alipendeza. Nikadhani asema kwa mapenzi ya ndugu. Kisha akaniuliza, yule mwenye kamera ni binti wa nani?"

Oliver akakumbuka ana shughuli nje, akatoka.

Uso uliniwaka kwa hasira na haya. Nikaichukua simu. Pichani tulikuwa wawili tu, Nabiha na mimi. Riyadh ni nduguye Nabiha, kumwona si neno. Aliyeonwa ni mimi. Nikaizima kwanza ile njia ya kupandisha picha, kisha nikampigia huko huko Maskati.

"Asalaam alaykum, Riyadh. Mimi ndiye mwenye kamera. Ifute."

Akababaika, akaomba radhi, akaifuta huku nikimngoja kwenye simu. Nilipokata, Bimdogo alikuwa ameinama, machozi yamtoka.

"Wakijua wenzangu, Nasiha..."

"Hawatajua. Picha ni yangu, na mimi nshasamehe."

Ilibaki kuifuta kwenye simu yake. Kidole kilikuwa tayari, lakini nikaitazama tena. Leso imeniteleza, nywele ziko mabegani, kamera nimeishusha kiunoni, nacheka na Nabiha kwa meno yote. Miaka yote hii nawapiga wenzangu, sina picha yangu hata moja ya shughulini.

"Kwani mama, ulitaka nini kwenye picha hii? Nabiha nshampiga za kutosha."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nilikutazama wewe. Nikasema, na huyu nani ampiga?"

Nikachukua waya kwenye droo ya Oliver, nikaiunga simu na kompyuta, nikaivuta ile picha ndani kwangu, kisha nikaifuta kwa Bimdogo naye aona. Ikawa picha ya kwanza humo. Halafu nikatia kadi ya Nabiha.