Watani Waliozibwa Midomo

Stumai, mpiga video wa Ikungi, alikuwa hoi. Siku tatu alihangaika na video ya mazishi ya Mzee Hezekia, akashukuru Mungu programu mpya ya kompyuta ilipoyatafuta matusi yenyewe na kuyafunika kwa mlio. Akamwita mjane, Bibi Severina, aje kutazama.

Kwenye skrini watani wa marehemu wakasimama kandoni mwa kaburi, wakimtukana kama ilivyo desturi. Piii. Piii. Piii.

"Mbona umewaziba midomo?" bibi akafoka.

"Ni matusi, bibi. Kompyuta inayaziba yenyewe."

"Basi iambie iyarudishe, yote! Waliomsifu mume wangu walikuwa wamekaa kwenye viti. Kaburi walilichimba hao wenye matusi."